Mwamba Hulia Kabla Haujaanguka: Vidokezo 10 kwa Vijana wa Programu wa Kasongo na Kabambare

Kusini mwa Maniema kila mtu anajua msimu ambao mashimo ya dhahabu huua. Mvua zinashika Septemba, udongo unakunywa maji, miti iliyoegemeza kuta inalainika, na haipiti miezi mingi bila habari za watu waliofukiwa. Oktoba 2019 ilikuwa zamu ya Kampene, katika teritware jirani ya Pangi. Septemba 2020 ikawa Kamituga, Kivu ya Kusini, ambako baada ya mvua kubwa watu wasiopungua 50 waliripotiwa kufa kwa siku moja.

Mwamba haukai kimya mpaka siku ya kuanguka. Ufa unapoanza, hata ukiwa mdogo kuliko unywele, hutoa wimbi dogo la sauti ambalo sikio halilipati, kama kijiti kikavu unachokipinda kinavyolia nyuzi moja moja kabla hakijavunjika. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Leonard Obert wa Idara ya Migodi ya Marekani alikuwa anapima nguzo za mwamba katika migodi ya risasi na zinki, akagundua kwamba nguzo zilizolemewa zinapiga milio zenyewe. Mwaka 1950 Joseph Kaiser, akiwa Munich, Ujerumani, aliandika tasnifu iliyoifanya milio hiyo kuwa elimu kamili. Wataalamu wanaiita emisheni akustiki. Leo inasikilizwa kwenye matangi ya gesi, madaraja na migodi ya dhahabu yenye kina kirefu ya Afrika Kusini.

Kabambare nako kuna dhahabu. Vilima vya Namoya, karibu na Salamabila, vilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, kisha kampuni ya Banro ikaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 na kusimamisha kazi mwaka 2019. Miaka yote hiyo wachimbaji wa mikono wameendelea kushuka mashimoni. Vidokezo hivi, vya kuandika programu inayosikiliza milio ya mwamba kwa vihisi, yaani vifaa vinavyoinasa, na kuwaonya wachimbaji, ni kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kasongo, mafundi wa simu wa Kindu, na yeyote anayejua kuandika programu na ana ndugu anayeshuka shimoni.

1. Shuka kwanza, andika baadaye

Kabla ya mstari wa kwanza wa programu, kaa na mafundi wa kuweka miti. Hao ndio wasikilizaji wa zamani wa mwamba. Wanagonga dari kwa chuma na kupima jibu: ikilia kali na safi, dari imeshikana, ikilia tupu, kipande kimeachana na mwenzake. Wanajua mti unavyolalamika ukilemewa. Waulize ni upande gani wa shimo wanauogopa, na kwa nini. Jibu lao ndilo litakalokuonyesha pa kuweka kihisi cha kwanza.

Tazama pia unasimama kwenye nini. Juu kuna udongo mwekundu na mwamba uliooza. Chini kuna mwamba mgumu wenye mishipa ya kwazi (quartz), na dhahabu hufuata mishipa hiyo. Teknolojia hii inafanya kazi vizuri kwenye mwamba mgumu na kwenye mti. Kwenye udongo ulioloa sauti inakufa kabla haijafika mbali, na ukuta wa udongo unaweza kumeguka bila onyo la maana. Waambie wachimbaji jambo hilo siku ya kwanza, tena kwa sauti. Anayewaficha ili mradi wake upendwe anaweza kuwa chanzo cha kifo.

2. Pasipo na mwamba mgumu, tumia chuma na mti

Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, chini ya Neil Dixon na wenzake, kilitengeneza njia nzuri ya kusikiliza miteremko ya udongo. Unatoboa shimo jembamba, unashusha bomba la chuma, unalizungushia kokoto. Udongo ukisogea hata kidogo, kokoto zinasagana, bomba linapandisha mlio hadi juu, na kihisi kinahesabu. Wao husikiliza kati ya kilohezi 20 na 30, wakihesabu milio kwa vipindi vya dakika kadhaa. Mteremko ukiongeza mwendo, hesabu nayo inapanda. Wametengeneza hata toleo la bei nafuu kwa ajili ya vijiji.

Kwetu, hilo ni wazo la kuchukua kama lilivyo kwa kingo za mashimo ya wazi na kwa malundo ya udongo uliotupwa juu ya njia za watu. Ndani ya shimo, funga kihisi kwenye mti wenyewe wa kuegemeza. Mti hulia sana kabla haujavunjika, na ukivunjika, mara nyingi dari inaufuata.

3. Usirekodi kila kitu

Hapa ndipo vijana wengi wanapozama. Ukisikiliza mara milioni moja kwa sekunde, kila kipimo kikichukua baiti mbili, kihisi kimoja kinakupa megabaiti 2 kwa sekunde. Kwa siku ni karibu gigabaiti 173. Hakuna kadi ya kumbukumbu sokoni Kasongo itakayomudu hilo kwa wiki moja, na hakuna mtandao utakaolituma.

Acha kifaa kichuje palepale. Mlio ukivuka kizingiti, andika mambo machache tu: saa ulipofika, ukubwa wake wa juu kabisa, ulichukua muda gani kufika kileleni, ulidumu kiasi gani, ulivuka kizingiti mara ngapi, na nguvu yake kwa jumla. Rekodi hiyo inatosha kwenye baiti 32. Milio 10,000 kwa siku ni kilobaiti 320, mzigo ambao hata simu ya zamani inaubeba. Wimbi zima hifadhi kwa milio michache mikubwa, ili mtu aje aitazame kwa macho baadaye.

4. Kizingiti na penseli

Kwenye fani hii desibeli 0 ni mikrovolti 1 kwenye kihisi, 40 ni mikrovolti 100, na 60 ni milivolti 1. Anza na kizingiti cha 40, kisha kipandishe au kishushe kulingana na kelele za mahali. Weka kanuni iliyo wazi ya lini mlio mmoja umekwisha na mwingine umeanza, la sivyo mwangwi wa mlio mmoja utahesabiwa kama milio mitano.

Jaribio la kila asubuhi ni rahisi. Chukua risasi ya penseli ya kubofya yenye unene wa milimita 0.5, ivunje kwa kuibana kwenye chuma au mwamba karibu na kihisi. Duniani kote wapimaji wanatumia njia hii kwa sababu mlio wake karibu haubadiliki. Leo ukisoma desibeli 6 chini ya jana, basi nusu ya wimbi imepotea njiani: kihisi kimelegea, grisi inayokishikanisha na mwamba imekauka, au waya umeoza. Programu imwombe mtumiaji avunje risasi, ipime yenyewe, iseme kama kihisi kiko sawa. Isimwachie kazi ya kusoma namba.

5. Jifunze kelele za shimo kabla ya kuzilaumu

Kuna tindo na nyundo. Kuna motopompe inayovuta maji. Kuna jenereta inayosukuma hewa, pikipiki zinazopita juu, redio ya muuza chakula, na mvua inayopiga bati. Kila kimoja kina sura yake. Pompe hulia mfululizo bila kupumzika. Nyundo hupiga kwa mapigo ya mkono wa mtu, na mkono una mwendo wake. Tone la mvua ni fupi na kali, lakini hupiga kihisi cha juu kabla ya cha chini.

Kwa hiyo weka kihisi kimoja mlinzi juu ya ardhi, karibu na vyanzo vya kelele. Sauti inayofika kwa mlinzi kwanza ni ya juu ya ardhi; inayofika kwa vihisi vya ndani kwanza ndiyo ya mwamba. Mpe msimamizi wa shimo kitufe cha kuandika: kazi imeanza, kazi imesimama, pompe imewashwa. Saa mbili za mapumziko ambazo shimo liko kimya zina thamani kuliko siku nzima ya nyundo, maana hapo unasikia mwamba peke yake. Kama wachimbaji wanakubali, pangeni dakika 15 za ukimya kabla ya kila zamu kushuka. Kipimo hicho ndicho ningekitegemea kuliko vyote.

Na usifute kelele kwenye kumbukumbu wakati wa kuchuja (nyundo ina kanuni yake, kwenye kidokezo cha 10). Ipe alama tu. Mvua iliyokusumbua jana ndiyo inayoeleza kwa nini ukuta unalia leo.

6. Usitabiri saa ya kuanguka

Programu inaweza kuonyesha mambo matatu yenye maana. Kwanza, kasi: milio kwa dakika inapanda, na inapanda kwa haraka zaidi na zaidi. Pili, uwiano wa milio midogo na mikubwa. Mwamba unapochoka taratibu, midogo ndiyo mingi. Nyufa zinapoanza kuungana, mikubwa inaongezeka na uwiano unashuka. Wataalamu wa matetemeko wanatumia hesabu hiyohiyo, iliyotokana na kazi ya Gutenberg na Richter ya miaka ya 1940. Lakini usiikokotoe kwa milio kumi. Subiri ifike mamia, la sivyo unachora bahati nasibu.

La tatu ni lile aliloligundua Kaiser. Kitu kilichowahi kulemewa, ukikilemea tena, hukaa kimya mpaka uzito upite ule wa mwanzo. Ukuta ukianza kulia chini ya uzito ambao jana uliubeba kimya, ujue umeumia ndani. Hali hiyo hutokea maji yakijaa shimoni usiku, yakavutwa asubuhi, yakajaa tena. Weka kwenye programu kipimo cha kina cha maji, hata kiwe kijiti chenye alama kinachosomwa na mtu, ili milio isomwe pamoja na maji.

Zaidi ya hapo usiende. Usiandike kwenye kioo kwamba zimebaki dakika 40. Kuna kuta zinazolia wiki nzima zikatulia, na kuna zinazolia robo saa zikaja chini.

7. Ukimya usiwe rangi ya kijani

Hiki ndicho kidokezo ninachokijali kuliko vingine. Mifumo mingi inaonyesha kijani pale ambapo hakuna milio. Lakini milio inakosekana pia betri ikifa, panya akitafuna waya, kihisi kikidondoka, maji yakiingia kwenye kiboksi. Mchimbaji akiona kijani anashuka. Kifaa kilichokufa kinachoonyesha kijani ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa, kwa sababu kimemnyang'anya mtu hofu yake ya haki.

Kila kihisi kijitangaze kila dakika: niko hai, betri yangu ni hii, kelele yangu ya kawaida ni hii. Hata penye utulivu kabisa kihisi chenye afya husoma mnong'ono mdogo wa umeme wake. Mnong'ono huo ukitoweka, kihisi si kizima. Na dakika tatu zikipita bila salamu, taa ya ishara ya shimo izimike kabisa, na ikubaliwe na wote kwamba taa iliyozimika maana yake ni kutoshuka. Kijani kiwashwe tu pale programu inapojua kwamba inasikia, na inachokisikia ni utulivu.

8. Kengele ni ya wanaokimbia

Anayepandisha watu kutoka shimoni anapoteza pesa. PDG, mwenye shimo, amelipia miti, mafuta ya pompe na chakula cha timu. Wachimbaji wanalipwa kwa fungu la kile kinachotoka. Kengele ikilia bure mara kadhaa hakuna atakayepanda tena. Isipolia mara moja, unazika watu.

Kanuni za kengele zipangwe basi pamoja na wote hao kikaoni, pamoja na wakala wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosaidia uchimbaji mdogo. Mkubaliane: njano ni kusimamisha nyundo na kusikiliza dakika 10. Nyekundu ni kupanda, wote, na hakuna anayerudi kuchukua mfuko. Nani ana haki ya kuzima kengele? Isiwe mtu mmoja. Programu idai wawili, fundi wa miti na msimamizi wa zamu, na iandike saa waliyoizima.

Kengele ilie papo hapo shimoni, kwa waya, kwa honi ya gari na taa kubwa, bila kupitia mtandao wa simu. Ujumbe wa simu uende kwa watu wa juu baadaye, kama taarifa. Sauti iliyorekodiwa iwe Kiswahili cha Maniema chenyewe, kwa kinywa cha mtu wanayemjua, na maneno yawe machache: pandeni wote. Ifanyieni zoezi. Hesabu inachukua muda gani mtu wa mwisho kufika juu kutoka chini kabisa. Sheria za Kongo haziruhusu shimo la mchimbaji wa mikono lizidi mita 30, na mashimo mengi yanazidi. Muda huo wa kupanda ndio unaoamua onyo linalofaa liwe la mapema kiasi gani, kuliko hesabu yoyote utakayoisoma kitabuni.

9. Umeme, saa na barabara

Kwa ufupi. Paneli ndogo ya jua na betri, na programu inayolala kati ya milio. Vihisi vya shimo moja viunganishwe kwa waya kwenye kiboksi kimoja chenye saa moja. GPS haifiki chini, na saa mbili zikitofautiana milisekunde 1, kwenye mwamba unaopitisha sauti kwa mita 3,000 kwa sekunde, umekosea mahali pa ufa kwa mita 3. Kwenye mwamba uliooza mwendo ni mdogo zaidi na unabadilika kila hatua chache, hivyo ridhika na kujua ni kihisi gani kilisikia kwanza.

Hifadhi saa kwa wakati wa kimataifa, onyesha kwa wakati wa Maniema. Kinshasa iko saa moja nyuma yetu, na mwenzako wa huko akifungua rekodi msije mkabishana ukuta ulilia lini. Andaa vipuri viwili vya kila aina, maana mvua zikikata barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, ulichonacho ndicho utakachokuwa nacho.

10. Rekodi zako ni siri ya watu

Kifaa kinachosikia nyundo kinajua shimo gani linachimbwa, usiku au mchana, kwa nguvu kiasi gani. Salamabila ni mahali ambapo kundi la Mai-Mai Malaika na wengine wenye silaha wamegombania kilima kwa miaka. Rekodi hizo zikiangukia mikono hiyo, au ya mtoza kodi asiye na karatasi, umewaletea wachimbaji balaa jipya.

Usiweke majina ya watu kwenye programu. Usiweke viwianishi vya shimo kwenye seva ya mbali. Rekodi za nyundo zifutwe baada ya muda mfupi mliokubaliana, zibaki za mwamba. Zilizobaki zifungwe kwa nenosiri na zikae kwa ushirika wa wachimbaji, ambao ndio wenye haki ya kusema nani azione. Ukipata mfadhili anayetaka zote zimfikie yeye ng'ambo, mwambie masharti ya ushirika kabla hajatoa dola ya kwanza.

Kwa anayetaka kuanza, Juni ni mwezi mzuri: kiangazi kimeingia, barabara inapitika, maji yamepungua. Chagua shimo moja la mwamba mgumu ambalo mwenyewe amekubali, vihisi vinne, honi moja. Sikiliza hadi Agosti bila kumpa mtu yeyote rangi ya kijani, ili mvua za Septemba zikukute unajua sauti ya kawaida ya shimo hilo. Wakati huo wote miti iendelee kuwekwa, kingo ziendelee kukatwa ngazi, na maji yaendelee kuvutwa, kwa sababu programu haishiki dari. Na kijana wa Kasongo au Kabambare atakayeifanya kazi hii awape mafundi wa miti nafasi ya kwanza kwenye jaribio, awalipe kwa siku zao, na aandike majina yao kwenye kazi yake wakiridhia.